Chombo cha Zamani Kinavuja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Vyombo vya Tanga Mombasa

Majibu haya ni ya wenye yoti na mashua za faibaglasi zilizokwisha kula chumvi miaka mingi, zinazofungwa Tudor, Mtwapa, Liwatoni na kwingineko. Wenye vyombo vya mbao wana swali lao huko chini. Kama maji yanaingia kwa kasi sasa hivi unaposoma, shuka moja kwa moja hadi swali la mwisho.

Nimefunua mbao za sakafu nimekuta maji. Nianzie wapi?

Yatoe yote kwanza. Pampu peke yake haitoshi, maana huacha maji ya kina cha vidole viwili ambayo haiyafikii. Malizia kwa upo (chombo cha kuchotea maji), sifongo na kitambaa mpaka ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ikauke kabisa. Ngama iliyojaa haikuonyeshi kitu, lakini ngama kavu ikiingiwa na mfereji mwembamba utaona kama unatoka omo (mbele), tezi (nyuma) au ubavuni. Nyunyiza poda ya watoto au paka chaki kwenye njia unazoshuku, uache mpaka kesho. Maji yakipita yataacha alama.

Kisha jiulize: yanaingia lini? Karibu kila mtu hukimbilia kuuliza yanaingia wapi, na hapo ndipo anapopoteza wiki nzima. Maji hayashuki wima. Hupenya kwenye bolti ya omo, hutambaa kati ya sitaha na dari ya ndani, hufuata waya wa taa, kisha hudondoka juu ya meza iliyo mita tatu kutoka pale yalipoingilia. Mahali hudanganya. Wakati haudanganyi sana.

Basi nisome vipi huo wakati?

Weka daftari chomboni. Andika tarehe, mvua, upepo, kama injini iliwashwa, kama uliosha sitaha, na kiasi cha maji uliyofua (uliyotoa). Baada ya majuma machache utaanza kuona mpango.

Chombo kilichofungwa tu, jua kali la kaskazi, hakuna mvua, na bado ngama inapata maji ya chumvi: mvujo uko chini ya usawa wa maji, nao hulala na kuamka na wewe. Angalia glandi ya shafti (kizibo cha pale shafti ya rafadha inapotoboa bodi, yaani ganda la chombo), valvu za mabomba yanayotoboa bodi, nguzo ya usukani na bolti za mkuku (uti wa chini wa chombo).

Maji yanaonekana baada ya mvua za masika, na mwezi mkavu hakuna: ni sitaha, madirisha au mlingoti. Usiguse kitu chini ya maji.

Yanaingia ukipiga bisho (ukienda kuelekea upepo) tu, chombo kikiwa kimelala upande: tafuta tundu ambalo kwa kawaida liko juu ya maji na sasa limezama. Huenda ni kiungo cha bodi na sitaha, tundu la kutokea maji ya pampu, sinki, au mabamba yanayoshika waya za mlingoti. Andika pia umelala upande gani, kulia au kushoto. Hilo peke yake hukuondolea nusu ya chombo katika msako.

Yanaingia injini ikiwashwa: pampu ya maji ya kupozea, mipira yake, bomba la moshi, au glandi.

Yanaongezeka hata pasipo mvua, bahari wala injini, na ni matamu: tangi lako la maji au mpira wake. Dalili yake ya kawaida ni pampu ya maji ya jikoni kuwaka yenyewe usiku kwa sekunde moja mbili ilhali hakuna aliyefungua bomba.

Nitajuaje kama ni maji ya bahari au ya mvua?

Yaonje, ila kamwe usionje yaliyo karibu na choo au mipira yake. Au weka matone kwenye kioo cheusi juani. Ya bahari yatabakiza ukoko mweupe.

Kuna mtego mmoja. Mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu huosha chumvi yote iliyokauka juu ya sitaha, kwa hiyo hushuka chumbani ikiwa na ladha ya bahari. Mtu akaonja, akaamua ni bodi, akatoa chombo majini kwa gharama kubwa bila sababu. Subiri mvua ya pili au ya tatu ndipo uonje tena.

Maji yenye rangi ya kijani au nyekundu na utelezi ni kulanti ya injini. Yenye povu ni ya bafuni au sinki.

Kila masika kitanda cha omo kinalowa, na juu yake sioni tundu lolote. Yanatoka wapi?

Swali hili huja kila Mei, mwezi ambao mvua ya Mombasa huwa haina mchezo. Jibu liko katika kila kitu kilichofungwa juu ya sitaha kwa bolti. Kila bolti ni tundu, na chombo cha mita tisa au kumi kinaweza kuwa na matundu zaidi ya mia.

Watuhumiwa wakuu ni wawili. Wa kwanza ni nguzo za ukingoni zinazoshika waya wa usalama, kwa sababu kila anayepanda kutoka kwenye kidau huzishika na kuzivuta. Nguzo inapoyumba, gundi ya chini yake huachia. Wa pili ni mabamba ya pembeni yanayoshika waya za mlingoti. Hayo hupita katikati ya sitaha na huvutwa na kulegezwa kila chombo kinapogeuza tanga. Usipuuze mabamba haya kwa sababu ya tone moja. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikikaa kimelowa mahali pasipofika hewa, ndani ya sitaha, hulika kwa siri, juu kinang'aa na ndani kimekatika. Bamba likikatika, mlingoti unakwenda nalo. Ukiona mstari wa kahawia ukishuka ukutani chini ya bamba, lifungue na ulikague lote.

Baada ya hao, tazama kifuniko cha omo, msingi wa mlingoti, na chumba cha mnyororo wa nanga, ambacho tundu lake la kutolea maji likiziba kwa matope ya Tudor hujaa na kumwagikia ndani. Mlingoti unaoshuka hadi kwenye mkuku huingiza mvua kwa ndani ya bomba lake. Hiyo haizuiliki kabisa, na kiasi kidogo chake ni cha kawaida.

Nipime vipi kwa mpira wa maji bila kujichanganya?

Muwe wawili, mmoja juu na mmoja ndani na tochi. Toa vipande vya dari vinavyotoka. Kisha anza chini ukipanda juu, na hapa ndipo wengi hukosea: wakianzia juu, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na jibu linapotea. Mwagia sehemu moja tu, kwa mtiririko wa polepole, dakika kumi hivi. Aliye ndani apanguse kwa tishu kavu kila bolti. Kama hakuna kitu, panda hatua moja. Ziba kwa tepu maeneo usiyoyapima.

Njia ya pili ninaipenda zaidi kwa vyombo vyenye dari isiyotoka. Funga madirisha na vifuniko vyote, ziba matundu ya hewa kwa nailoni na tepu, kisha elekeza kipulizia hewa ndani kupitia tundu moja. Huhitaji nguvu nyingi. Paka maji ya sabuni juu ya sitaha, kuzunguka kila bolti na fremu. Panapotoka mapovu ndipo mvua inapoingilia, palepale, bila kubahatisha njia iliyopita.

Nimeambiwa nipake silikoni ya hadiwea kuzunguka nguzo. Itasaidia?

Kwa majuma machache. Halafu itabanduka kando, maji yatabaki yamenaswa chini yake, na kazi ya baadaye itakuwa ngumu mara mbili, kwa sababu silikoni huacha utando ambao gundi nyingine haishiki wala rangi haikai. Kupaka juu ni kuficha. Kitu lazima king'olewe, kisafishwe na kulazwa upya.

Nitumie gundi gani basi, na kazi ifanywe vipi?

Kwa vifaa vya sitaha ambavyo siku moja utavifungua tena, tepu ya butili au polisalfaidi. Kwa vitu vya chini ya maji na kiungo cha bodi na sitaha, poliyurethani ya baharini. Hiyo inashika kama laana. Usiitumie mahali unapotarajia kufungua. Butili nayo haifai chini ya maji, wala karibu na dizeli.

Kazi yenyewe ni hii. Fungua kifaa, kwangua gundi yote ya zamani, futa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi. Panua kidogo mdomo wa tundu kwa keekee ili gundi ipate mahali pa kukaa kama pete kuzunguka bolti. Weka tepu ya karatasi pembeni usije ukachafua sitaha. Laza gundi ya kutosha, rudisha kifaa, kisha aliye juu aishike bolti isizunguke kwa bisibisi huku aliye chini akikaza nati. Bolti ikizunguka, gundi inachanika palepale. Kwa butili kaza kidogo, rudi kesho ukaze tena, na kesho kutwa tena, kwa sababu hutoka polepole.

Fanya asubuhi. Saa saba mchana sitaha ya Mombasa huwezi kuikanyaga bila viatu, asetoni inakauka kabla hujafuta, na poliyurethani, ambayo hukauka kwa unyevu wa hewa, huanza kufanya utando ukiwa bado unatafuta spana.

Sitaha inabonyea nikikanyaga. Hiyo ni sawa?

Hapana. Sitaha nyingi za faibaglasi zina tabaka mbili na katikati mbao, mara nyingi balsa au plaiwudi. Maji yaliyopita kwenye bolti yameiozesha. Gonga kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima panalia kwa ukali, palipooza sauti inafifia. Zungushia chaki ujue ukubwa.

Kama ni eneo dogo kuzunguka bolti, toboa tundu pana kutoka juu bila kutoboa tabaka la chini, chokonoa mbao iliyooza kwa msumari uliopindwa, acha ikauke vizuri, kisha pakaa epoksi nyepesi na ujaze epoksi iliyokolezwa unga wake. Ikishakuwa ngumu, toboa upya katikati yake. Tangu hapo hata gundi ikichoka, maji hayaifikii mbao. Kwa joto letu changanya epoksi kidogo kidogo na utumie kigumisho cha polepole. Kikombe kilichojaa huchemka na kutoa moshi mkononi.

Kama ni mita mraba nzima imebonyea, hiyo ni kazi ya kufungua sitaha. Tafuta fundi.

Na madirisha?

Kama kioo ni cha plastiki, usitumie polisalfaidi, maana hula baadhi ya plastiki hizo mpaka zikapasuka nyufa. Hapa ndipo pekee ambapo silikoni ya baharini ina heshima yake. Acha pia nafasi pembeni, kwani plastiki hutanuka juani.

Glandi ya shafti inadondosha. Niikaze mpaka ikome?

Ile ya zamani yenye pakingi ya kamba imeundwa idondoshe. Shafti ikizunguka, matone mawili matatu kwa dakika ni sawa, ndiyo yanayoipoza. Injini ikizimwa, isidondoshe au iwe tone la mara moja moja. Ukiikaza mpaka ikauke, pakingi inaungua na shafti inachimbika mfereji, na hapo haitaziba tena kwa pakingi yoyote.

Kaza kwa spana mbili, robo mzunguko au chini ya hapo, kisha endesha injini, izime, na uguse glandi shafti ikiwa imesimama. Vuguvugu ni sawa. Ikichoma kidole, legeza. Ikiwa nati imefika mwisho, pakingi imekwisha: ng'oa yote ya zamani, kata pete mpya kwa mshazari, na zipange viungo visilingane. Usisahau mpira mnene unaoishika glandi na klipu zake. Pakingi ikichoka inadondosha. Mpira ule ukipasuka unazamisha.

Valvu za chini nazikaguaje?

Kwanza izungushe kila moja. Isiyozunguka si valvu tena. Kisha kwangua kwa kisu: shaba ya njano inayotumika kwenye mabomba ya nyumbani hupoteza zinki yake ndani ya maji ya chumvi, ikabaki nyekundu kama waridi na dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa mkono. Maji yetu ya vuguvugu huharakisha jambo hilo. Ukiona wekundu huo, badilisha, na uweke ya bronzi au ya plastiki ngumu ya baharini. Usikubali ya hadiwea kwa sababu uzi wake umeingia.

Weka klipu mbili kwa kila mpira pale shingo inaporuhusu, na kando ya kila valvu funga kwa uzi kigingi cha mti laini kinacholingana na tundu lake.

Watu hudharau tundu dogo. Tundu la milimita 25 likiwa nusu mita chini ya maji huingiza karibu lita 55 kwa dakika; jerikeni ya lita 20 inajaa kabla ya nusu dakika. Pampu iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, kwa galoni za Kimarekani, ni lita 31 hivi kwa dakika, na hiyo ni kwenye meza ya kiwandani, kabla haijapandisha maji kwenye mpira mrefu na betri iliyochoka.

Hakuna kilichopasuka, lakini tukipiga bisho choo kinafurika. Kwa nini?

Bakuli la choo liko chini ya usawa wa maji, na maji yakishaanza kufuata mpira hayakomi. Mpira unatakiwa upande juu sana, juu ya usawa wa maji hata chombo kikilala, ukiwa na kivunja mvuto (kijivalvu kinachoingiza hewa) kileleni. Kijivalvu kile huziba kwa chumvi. Kioshe kwa maji matamu. Mpira wa pampu ya ngama nao unataka kilima hichohicho, la sivyo pampu iliyotoa maji itayarudisha. Na ukitoka kwenye choo, funga valvu.

Naweza kukikagua chini bila kulipia kreni?

Kama mkuku ni mrefu na mwembamba, hapana, isipokuwa una ukuta wa kukiegemeza na mtu anayejua. Kama mkuku ni mpana au ni miwili, bahari yetu inakusaidia bure. Bamvua la Kilindini, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na saa zake ni za rehema: maji hujaa alfajiri na jioni, yakapwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, ukiwa na mwanga wote. Ingia pwani yenye mchanga mgumu, iliyokwisha kukaguliwa mawe.

Chagua siku ambayo bamvua bado linakua. Ukikwama siku maji yanapoanza kupungua, utalala hapo hadi bamvua lijalo, wiki mbili hivi.

Sasa fanya kinyume cha mazoea: usifue maji ya ngama, hata uongeze kidogo. Bodi ya nje ikishakauka, maji yaliyo ndani yatatoka kupitia uleule ufa uliokuwa ukiyaingiza. Utauona unalia. Zungushia chaki. Mstari wa kutu unaolia kwenye kiungo cha mkuku na bodi ni habari ya bolti za mkuku. Hiyo usiipakie gundi ukaondoka, bolti lazima zikaguliwe.

Mashua yangu ni ya mbao na ilikaa juu kaskazi nzima. Sasa inaingiza maji kila mahali.

Mbao zimekauka zikasinyaa. Nyingi zitafura na kujifunga zenyewe baada ya siku kadhaa majini, hivyo usianze kukalafati (kushindilia pamba) kila ufa ukiwa mkavu. Pamba iliyoshindiliwa kwa nguvu kwenye mbao kavu haina pa kwenda mbao zikifura, na huweza kusukuma ubao uachie mataruma (mbavu za chombo). Mwagia maji ya chumvi asubuhi na jioni kabla ya kuishusha, funika kwa makuti, na ishushe pampu ikiwa tayari.

Ufa unaoendelea baada ya hapo ndio wa kukalafati: toa pamba iliyooza, piga mpya iliyochovywa mafuta kwa tindo na nyundo ya mti, safu kwa safu. Kisha deheni (shahamu iliyochanganywa na chokaa) chini, sifa (mafuta ya samaki) juu. Mafundi wa Bandari ya Kale wanayajua haya kuliko mimi, nenda ukawatazame. Ukikuta vijitundu vya duara kwenye ubao wa chini, hao ni wadudu wa baharini. Tundu la nje ni dogo, ndani ubao umekuwa sega. Hakuna kalafati itakayousaidia, ubadilishwe.

Tuko nje ya mwamba wa Nyali, maji yamepita sakafu. Tufanye nini?

Mmoja afue na kuendesha pampu, mmoja atafute, na mmoja, kama yupo, ashike redio: chaneli 16, mapema, mkiwa bado mnajua mlipo. Mombasa ndiko kuliko kituo cha kikanda cha kuratibu uokozi baharini. Vaeni maboya ya kifuani.

Anayetafuta afunge kila valvu anayoifikia, kisha aguse glandi na mpira wake, halafu usukani. Injini ikiwa inakwenda na maji ni vuguvugu, izimeni. Mpira wake umetoka. Kama ufa uko ubavuni, geuzeni tanga chombo kilalie upande wa pili ili uinuke, na mpunguze mwendo. Kigingi kwenye tundu la duara. Kwenye ufa, mto au godoro likandamizwe kwa mbao za sakafu. Mvujo wa lita 50 kwa dakika ukipunguzwa kuwa wa lita 10, pampu inaumudu.

Mlango wa Kilindini una meli kubwa na mkondo. Ingieni mkiwa mmeshatoa taarifa kwa redio, na kama pampu imeshaanza kushindwa, mchanga laini ulio karibu ni bora kuliko gati lililo mbali.